Nyuzi 37 ni za nani?

Karibuni, tukae. Nikiuliza hapa joto la kawaida la mwili ni ngapi, najua ukumbi mzima utajibu 37. Basi leo tumtafute aliyetuachia namba hiyo.

Ni daktari Mjerumani, Carl Wunderlich, wa Leipzig. Kitabu chake cha mwaka 1868 kilitokana na wagonjwa wapatao 25,000, na vipimo vinavyosemekana kupita milioni moja. Kipimajoto cha enzi zile kilikaribia urefu wa sentimeta 30. Kinabanwa kwapani, mgonjwa anatulia dakika 15 hadi 20. Nani kati yetu angevumilia? Lakini Wunderlich hakusema kila mwenye afya ana 37 kamili. Alitaja kuanzia 36.25 hadi 37.5. Tulioikumbatia namba moja ni sisi, kwa kuwa haisahauliki.

Mwaka 1992 Philip Mackowiak na wenzake, Marekani, waliwapima mdomoni watu wazima 148 wenye afya. Wastani ukawa 36.8. Baadaye Mackowiak alikijaribu kipimajoto kimoja kinachosadikiwa kuwa cha Wunderlich, kilichohifadhiwa kwenye makumbusho ya Mütter kule Philadelphia. Kilikuwa kinazidisha kwa zaidi ya nyuzi moja!

Si kifaa tu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichambua vipimo zaidi ya 677,000, vya zamani zaidi vikiwa vya askari wastaafu wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Waliona joto la Wamarekani limekuwa likishuka kwa nyuzi 0.03 hivi kwa kila muongo wa kuzaliwa. Wanahisi ni kwa sababu maradhi sugu ya kuambukiza yamepungua. Mimi maelezo hayo nayapokea nusu, maana hata Watsimane, jamii ya wenyeji wa misitu ya Bolivia, ambao maambukizi bado yanawaandama, joto lao limeshuka.

Tuje kwenye mwili wako. Alfajiri, kwenye saa kumi hadi kumi na mbili, uko chini kabisa. Jioni, saa zizo hizo, uko juu, na tofauti yaweza kufika nusu nyuzi au zaidi. Mwanamke yai likishapevuka hupanda kidogo hadi siku zake. Kwapani husoma chini kuliko mdomoni. Na ile bastola ya pajini tuliyopimwa milangoni wakati wa Korona, mtu aliyetoka juani ilimsomaje? Tuiache hiyo.

Ninaowahofia hasa ni wazee wetu. Wengi joto lao la kila siku ni 36 na kidogo, hivyo wakishambuliwa na nimonia kipimo chaweza kuishia 37.5, na nyumbani mkasema hana homa. Mpimeni akiwa mzima, asubuhi na jioni, muandike pembeni. Akipanda zaidi ya nyuzi moja juu ya pale, mpelekeni kituo cha afya, na hiyo karatasi mwende nayo.