TNF Hiyo Imetoka kwa Nani?

Nimeshalisema hili mara nyingi na leo nalirudia: ukichanganya vimelea vya malaria na monosaiti (seli nyeupe za damu zinazomeza vijidudu), kesho yake ukapima TNF (protini ambayo seli za kinga humwaga zikisisimuliwa) ukaikuta juu, hujathibitisha chochote kuhusu malaria. Niambie kwanza kama maikoplazma, bakteria mdogo anayechafua seli zinazokuzwa maabara, hayumo.

Kiumbe huyu hana ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini haimgusi. Anapenya hata chujio la mikroni 0.22. Midia, yaani kimiminika cha kukuzia seli, haigeuki maziwa, na falsiparamu wako, vimelea vya malaria unavyokuza, wanaendelea kuzaliana raha mustarehe. Kikulacho ki nguoni mwako. Lipoprotini zake (protini zenye mafuta) zinaiamsha TLR2, kipokezi cha monosaiti, TNF inamwagika, nawe unaandika kwamba plasmodiamu, kimelea cha malaria, amesisimua kinga!

Najua kuna atakayesema, "Sisi tunaweka gentamaisini." Haya. Aina nyingine za maikoplazma haziisikii antibiotiki hiyo, na hata maikoplazma aliyekufa bado ana lipoprotini zile zile. Dawa imeua, TNF imebaki. Pima kwa PCR (kipimo cha vinasaba) kila mwezi, na kila unapoyeyusha vimelea vilivyogandishwa kwenye nitrojeni.

Mwingine atasema ana sampuli linganishi. Ipi? Chembe nyekundu zilizotoka friji asubuhi ile? Hapana. Ziwe za mfuko ule ule wa damu, zikae siku zile zile kwenye midia ile ile, nyuzi 37, oksijeni asilimia 5. Na hata hizo hazitakuokoa, kwa sababu maikoplazma mara nyingi huingia pamoja na vimelea. Kwenye chembe zisizo na vimelea, maikoplazma hana sababu ya kuwamo. Ndiyo maana narudi kwenye PCR, mnichoke msinichoke.

Muda unanikimbiza, kwa hiyo haya mengine harakaharaka. Sorbitoli (aina ya sukari) asilimia 5 kwa dakika 10 huua vimelea vikubwa na kubakiza vichanga. Usipoitumia, unapima mchanganyiko wa rika zote. Monosaiti iliyoshiba hemozoini, mabaki meusi ya vimelea kula damu, haimezi tena vizuri, basi usishangae umezaji ukishuka kesho yake. Ukitenganisha seli kwa Ficoll (kimiminika kizito), nguvu ya g 400, dakika 30, joto la chumba, zima breki ya sentrifuji, mashine ya kuzungusha seli. Ikisimama ghafla, tabaka linavurugika na seli zinapotea. Mwenye haraka ndiye huja kulalamika kwamba mchangiaji damu ana monosaiti chache.

Maswali?