Tundu kwenye Tumbo la Shetani

Kabla sijaanza, nikiweke hiki mezani mkione vizuri. Mlio nyuma sogeeni, viti vya mbele havina mwenyewe.

Ni kinyago cha Kimakonde, urefu wake kama kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Jicho ni moja, limetokeza kama la kinyonga. Mdomo umekwenda kuungana na sikio. Mguu unapanda, unageuka mkono, mkono unashika tumbo, na tumbo lenyewe halipo. Pana tundu tu. Ukichungulia unamwona aliyekaa upande wa pili. Wachongaji humwita huyu shetani.

Siku ya kukinunua nilimwomba muuzaji ndoo ya maji. Akacheka, maana alijua ninachotafuta. Mpingo huzama. Mti mwepesi uliopakwa dawa ya viatu huelea. Kikazama, nikalipa.

Sasa, aliyemchonga huyu alimwona wapi?

Wengi hudhani mashetani haya yamerithiwa tangu enzi na enzi. Sivyo. Yalianza Dar es Salaam, miaka ya 1950, mikononi mwa Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji kutafuta kazi, wengi wao wakipitia kwanza kwenye mashamba ya mkonge. Anayetajwa kuwa wa mwanzo ni Samaki Likankoa, aliyekuwa akimpelekea kazi zake mfanyabiashara wa vinyago, Mohamed Peera. Husimuliwa kwamba kinyago chake cha mtu kilivunjika mkono. Kwa kawaida hicho ni cha kutupa jikoni. Yeye hakukitupa. Akaendelea nacho kikiwa na upungufu wake, hadi kikawa kiumbe ambacho si mtu tena, na Peera akakipenda.

Simulizi hii naipenda hata kama imeongezwa chumvi njiani. Inasema shetani huyu hakushuka kutoka mbinguni wala hakutoka kuzimu. Alipitia penye ufa. Ondoa mkono, hamisha jicho, na mwili unaoufahamu tangu utotoni unaanza kukutisha.

Huko uwandani, kwao, Wamakonde walikuwa na njia nyingine, ya zamani zaidi: mapiko, ngoma ya vinyago vya kuvaa. Mchezaji huvaa kichwa cha mti mwepesi, chenye chale usoni, pengine na nywele halisi za mtu, na mwili wote hufunikwa nguo pasionekane hata ukucha. Wanawake na watoto huambiwa huyo ni mfu aliyerudi. Kijana akiingia jandoni ndipo anaonyeshwa kwamba ndani kuna mtu, tena huenda ni mjomba wake, na anaonywa asithubutu kusema. Wanawake nao, mnadhani hawajui? Mke asiutambue mwendo wa mumewe! Wanajua, wanakimbia, wanapiga kelele kama inavyotakiwa. Mimi hapo ndipo ninaposhangaa zaidi kuliko kwenye kinyago chenyewe: kijiji kizima kimekubaliana kutokujua, na kutokujua huko ndiko kunakoichezesha ngoma.

Kwenye maandishi nako kuna tundu kama hili, na nitamtaja mwandishi mmoja tu. Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, alianza na riwaya unazoweza kuzifuata kama barua ya nyumbani: kijiji fulani, shule fulani, msichana fulani. Halafu mwaka 1990 akatoa Nagona. Wasomaji wakapigwa na butwaa. Huelezwi uko mji gani wala umekufa au u hai. Nimewafundisha wanafunzi kitabu hicho, na kila mwaka kuna mmoja anayenijia na uso wa mtu aliyeibiwa: "Mwalimu, maana yake nini?" Namjibu asome tena kwa sauti. Hapendi jibu hilo.

Ni swali lile lile la mtalii dukani: huyu ni shetani wa nini? Muuzaji hana muda wa kubishana, anajibu papo hapo. Wa mvua. Mteja wa pili akiuliza, ni wa mapenzi. Simlaumu, ana watoto wa kusomesha. Ila tundu limezibwa, na mteja anaondoka na pambo la sebuleni.

Filamu zetu za kutisha nazo zina ugonjwa huo huo. Msukule anapakwa unga usoni, anawekwa mbele ya kamera nusu saa nzima, mganga anaeleza alivyochukuliwa na nani na kwa nini. Dakika ya kumi unaanza kumwonea huruma kwa joto la ule unga. Bibi yangu alikuwa akitaja tu kwamba usiku kuna mtu alisikika akitwanga kinuni nyumba isiyo na watu, kisha ananyamaza na kuendelea kuchambua mchicha. Hadi leo sijamalizana na kinu kile.

Haya, kipitisheni mkione kwa karibu. Kishikeni chini, pale penye weupe wa mti wa chini ya ganda. Huku juu kuna kidole kimeshaingia ufa, na kikivunjika sitawadai.