Zebra, Tochi na Mlima Kitonga: Mazungumzo kwa Dereva Mpya

BARAKA: Dada Zuhura, wasikilizaji wengi wametuuliza leseni ya udereva inapatikanaje. Tulimalize hilo haraka, tuje kwenye jambo lenyewe: usalama wa dereva mpya barabarani.

ZUHURA: Unajiandikisha chuo cha udereva kilichosajiliwa, unachukua leseni ya kujifunzia TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, na gari unalojifunzia linabandikwa L. Ukihitimu, trafiki wanakupima. Ukifaulu unapata cheti cha umahiri, ndipo unarudi TRA kwa leseni yenyewe. Daraja D ni la gari dogo la binafsi. Bodaboda na basi vina madaraja yake.

BARAKA: Na watu wanaogopa rivasi na kuondoka mlimani.

ZUHURA: Klachi inataka mguu uliotulia. Vuta hendibreki, tia gia ya kwanza, achia klachi taratibu mpaka usikie gari linataka kwenda, ongeza mafuta kidogo, kisha shusha hendibreki. Hilo mazoezi yanalimaliza. Mimi kinachoniumiza ni zebra, kivuko cha watembea kwa miguu.

BARAKA: Zebra ipi?

ZUHURA: Yoyote iliyo kwenye barabara ya njia mbili kila upande. Chukua Barabara ya Morogoro, pale Kimara. Daladala limesimama njia ya kushoto, kabla ya zebra. Dereva mpya yuko njia ya kulia, anaona kwake kweupe, anapita. Kumbe daladala limesimama kwa sababu kuna mtoto anavuka! Dereva hamwoni, mtoto naye haoni gari, wamezibwa na bodi la daladala. Wote wawili wanaonana kwa mara ya kwanza katikati ya zebra. Kwa hiyo gari la jirani likisimama kwenye zebra, na wewe simama, hata kama huoni mtu. Hasa kama huoni mtu.

BARAKA: Na spidi aliyokuja nayo ndiyo inayoamua. Ukiwa kilomita 50 kwa saa, gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Macho yaone, akili iamue, mguu uhame kwenye mafuta uende kwenye breki: sekunde nzima imeshakwenda, na breki bado hujaigusa.

ZUHURA: Halafu watu wanadhani ukitoka 50 ukaenda 100, breki zitahitaji nafasi mara mbili. Zinahitaji mara nne! Na hapo lami ni kavu na tairi nzima. Mvua ikinyesha, ongeza tena.

BARAKA: Ndiyo maana kibao cha 50 kinasimama kwenye kila kijiji njia kuu inapopita. Lakini wengi wanakihesabu kuwa cha tochi, ile kamera ya trafiki ya kupima spidi. Akiwashiwa taa na anayekuja, anapunguza. Akishampita trafiki, anakanyaga mafuta. Shule iko palepale, watoto wanavuka palepale.

ZUHURA: Na mkanda jamani, hata abiria wa nyuma. Gari likigonga kitu linasimama, wewe unaendelea na spidi ileile mpaka kitu kikuzuie. Aliyekaa nyuma bila mkanda anamrukia wa mbele. Mwambieni mama, mwambieni bosi, msione haya.

BARAKA: Kuna msikilizaji ana leseni mpya, anatoka Dar anakwenda Iringa na familia. Kwenda atapanda Mlima Kitonga, kurudi atauteremka.

ZUHURA: Kurudi ndiko kwenye kazi. Ashushe gia kabla hajaanza kuteremka, injini ilizuie gari. Akishikilia breki mteremko mzima zitapata moto, zitaacha kushika, na pale upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni korongo. Akiwa nyuma ya lori avumilie, aache nafasi. Asiovateki kwenye kona hata abiria wakimharakisha.

BARAKA: Gari lake ni otomatiki.

ZUHURA: Aangalie kwenye gia. Toyota nyingi za huku zina 2 na L chini ya D. Hizo ndizo za mteremko. Azijaribu kwanza kwenye kilima kidogo cha karibu na kwake, asikie gari linavyojizuia, kabla ya kupakia watoto.