Mbwa wako anajikuna kila mwaka mwezi uleule? Nisikilize kabla hujampaka oili chafu

Wazee wangu, shikamooni. Iringa na Njombe, kamwene. Mbeya na Rungwe, mwaghonile.

Leo maswali yenu ya viza ya Marekani yatasubiri. Kaka mmoja wa Uyole kanitumia video ya mbwa wake, anajikuna mpaka tumbo linatoa damu, na jirani kamshauri ampake oili chafu. Kaka yangu, tafadhali usimpake. Oili iliyotoka kwenye injini ina mabaki ya vyuma na kemikali. Mbwa atailamba, itaingia mwilini, na ngozi iliyochubuka itazidi kuungua. Nimeliona hili tangu utotoni na linaniuma, kwa sababu wanaolifanya wanawapenda mbwa wao, wanatafuta kuwasaidia.

Mnajua kazi yangu hapa Minneapolis, Marekani, ni msaidizi kwenye kliniki ya wanyama. Ikifika Agosti, foleni yetu inajaa mbwa wanaojikuna. Huku kuna gugu linalomwaga chavua, yaani unga laini wa maua, mwezi wa nane na wa tisa, na haliachi mpaka baridi kali ya kwanza iliue. Daktari akimpokea mbwa kama huyo, kabla hajamgusa anamuuliza mwenyewe: ameanza mwezi gani, na mwaka jana ilikuwa lini? Ndilo swali ninalotaka mjiulize huko nyumbani. Sisi mbwa akijikuna tunasema ana upele, basi, dawa ya josho.

Binadamu mwenye mzio (aleji) wa chavua anapiga chafya, macho yanamwasha. Mbwa wengi mzio unawatokea kwenye ngozi. Atalamba nyayo na kuzing'ata katikati ya vidole, atasugua uso ukutani, kwapani na tumboni patakuwa pekundu, masikio yatatoa nta ya kahawia na harufu mbaya. Akiwa mweupe, manyoya ya miguu yanageuka rangi ya kutu kwa ajili ya mate. Mara nyingi huanza kati ya miezi 6 na miaka 3 ya umri, na German Shepherd na Labrador, ambao siku hizi wamejaa kwenye mageti yetu, ni kati ya wanaosumbuliwa zaidi.

Kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili au Mei. Zinapoelekea kuisha nyasi zinatoa mashuke, na upepo unabeba chavua yake mpaka uani. Watu wanalaumu maua. Lakini maua yale mazuri ya Kitulo, na jakaranda za barabarani, mengi yanategemea wadudu. Chavua yake inanata, hairuki mbali. Hata mipaina ya Mafinga na Sao Hill, pamoja na ule unga wake wa njano, ni nadra kuleta mzio. Mkosaji ni nyasi ya kawaida ambayo hakuna anayeisimamia kuipiga picha. Ndugu zangu wa Tukuyu mna la ziada: unyevu. Matandiko yenye unyevu yanaota kuvu na kuzaa vijidudu vya vumbi, na hivyo havingoji msimu.

Sasa, kabla hujasema ni mzio wa chavua, ondoa viroboto kwenye hesabu. Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto anaweza kuteseka kwa kuumwa mara chache tu, na unaweza usimwone kiroboto hata mmoja. Mtazame kiunoni na shina la mkia, hapo ndipo wanapopenda. Mchane kwa kitana chembamba, kung'uta uchafu kwenye karatasi nyeupe iliyolowa. Vidoa vyeusi vikitoa wekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, damu iliyosagwa. Hapo tibu mbwa wote wa nyumba, na paka kwa dawa ya paka, kwa sababu permethrini ya mbwa inaua paka. Halafu safisha banda. Mayai na mabuu yamelala kwenye maranda na mablanketi, na ukimtibu mbwa ukaacha banda, mwezi ujao mnaanza upya. Choma maranda ya zamani, weka mapya makavu.

Na ukiona watu wa nyumbani nao wanawashwa, hasa watoto wanaomkumbatia, huo unaweza kuwa upele wa kweli, unaotokana na utitiri na unaoambukiza. Huo una dawa yake, muone daktari wa mifugo.

Tuseme viroboto hakuna, na ni Machi au Aprili kama mwaka jana. Anza na maji. Akitoka matembezini au kwenye nyasi, mfute nyayo, tumbo na uso kwa kitambaa kilicholowa, kisha mkaushe katikati ya vidole. Kila siku. Mara moja kwa wiki muogeshe kwa shampuu ya mbwa, povu likae kama dakika 10 kabla ya kulisuuza. Sabuni ya unga hapana, sabuni ya mche hapana; zinakausha ngozi, na ngozi kavu inapitisha chavua kirahisi. Maji yawe vuguvugu, kwa sababu ya moto yanaongeza mwasho. Muogeshe saa saba mchana, jua likiwepo. Najua baridi ya Njombe na Makete, sitaki mbwa alale amelowa.

Dawa. Piriton na cetirizine, dawa za mzio, daktari anaweza kuzitumia, zinasaidia baadhi ya mbwa, kwa kipimo cha uzito wake. Hatari ni dawa za mafua zilizochanganywa na paracetamol au pseudoephedrine. Hizo zinaweza kumuua. Diclofenac na ibuprofen, zile dawa zetu za maumivu, usimpe kabisa. Prednisolone inatuliza haraka, lakini atakunywa maji na kukojoa sana, na akiitumia muda mrefu haikatwi ghafla.

Mnaniomba Apoquel, vidonge vya mbwa vya kutuliza mwasho wa mzio, niitume kwenye begi la mtu anayerudi. Naijua, iliidhinishwa Marekani mwaka 2013 na nimeona mbwa wakipata nafuu siku ileile. Sitaituma. Inapunguza kinga, haipewi mbwa aliye chini ya mwaka mmoja, na mbwa mwenye utitiri au vidonda vya bakteria inaweza kumharibu zaidi. Lazima mtu amkague kwanza: masikio, ngozi, vidonda. Harufu ya uvundo na usaha ni maambukizi, hayo hayatulizwi kwa kufuta nyayo. Na akijikuna mwaka mzima bila msimu, daktari atafikiria pia chakula.

Kaka wa Uyole, kesho asubuhi mpeleke kwa daktari wa mifugo, muda huohuo muulizie chanjo ya kichaa cha mbwa kama imepitwa na wakati. Mvalishe hata fulana ya zamani asiendelee kulichubua lile tumbo. Nyie wengine, niandikieni hapo chini mwezi anaoanza, sehemu anayojikuna na mnapoishi. Nitajibu kila mmoja.