Kusoma Riwaya na Vijana Wetu Nyumbani

Ndugu wazazi, walezi, na vijana mliofuatana nao, asanteni kwa kuja.

Hadithi za watoto wadogo sitazigusa leo. Aliyewahi kumbembeleza mtoto kwa visa vya sungura na fisi hahitaji mhadhara. Ninayemfikiria ni kijana wa kidato cha pili kwenda juu, yule ukimuuliza habari za shule anajibu "poa" kisha anarudi chumbani na simu yake. Huyo ndiye tuliyeacha kumsomea, na ndiye mwenye mengi moyoni.

Riwaya inawapa mzazi na kijana mtu wa kumjadili ambaye si mmoja wao. Binti hathubutu kumwambia baba yake, "Unanionea." Lakini anaweza kusema, "Zakaria anamwonea Rosa," na baba akasikia bila kuvunjiwa heshima.

Zakaria ni baba katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Riwaya hiyo iliwahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania, baadaye ikaja kufundishwa. Kisa kinaanzia Ukerewe. Baba mlevi anakamata barua ambayo bintiye ameandikiwa na mvulana, anampiga vibaya. Rosa anakua akiwaogopa wanaume, na anapokuwa mbali na fimbo ya baba, hajui kujilinda. Mwishowe anajiua. Kwa hiyo, mzazi, kisome kwanza peke yako mpaka ukurasa wa mwisho. Na kama nyumbani kuna kijana aliyezama katika huzuni, chagueni kitabu kingine, na yeye atafutiwe msaada.

Sisi tulikisoma usiku baada ya chakula, wadogo wakiwa wamelala, kwa sauti, nakala moja ikipita mkono kwa mkono. Tulipofika kwenye ile barua, mwanangu wa kiume alisema baba ana haki ya kuwa na wasiwasi, ila fimbo ilizidi. Dada yake akamgeukia: "Na kama barua ingekuwa yako, ungepigwa?" Kimya. Mume wangu, ambaye ndiye alikuwa akisoma, alikifunga kitabu kidole kikiwa ndani, akaanza kutusimulia alivyolelewa yeye. Mengine hata mimi nilikuwa siyajui. Sura ile hatukuimaliza usiku huo, na sikuona hasara yoyote.

Kinachoua mazungumzo ya namna hii ni mtihani. Watoto wetu wamezoea kusoma riwaya ili wataje dhamira na sifa za wahusika, wapate alama. Ukiwauliza hivyo nyumbani, watakujibu kama wanavyomjibu msahihishaji. Uliza, "Wewe ungefanyaje?" halafu nyamaza. Kunyamaza kwenyewe ni kazi kwelikweli kwa sisi wazazi! Tunakimbilia kusema, "Umeona yaliyompata Rosa?" Kijana akishanusa mahubiri, usitarajie neno lingine kutoka kwake.

Msikatishe usomaji kwa kila neno gumu. Maana nyingi hujileta zenyewe mbele ya safari. Anayesema kitabu kinamchosha aruhusiwe kusema hivyo na aeleze kwa nini, maana huo nao ni uhakiki. Na kitabu kinachofuata wachague wao, hata kama ni cha upelelezi na wewe ulitaka cha maadili.

Kwa familia ambayo baba au mama hayupo, ningeanza na Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996. Kongowea, mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anafunga safari kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Isomeni taratibu. Mkifika mahali mtoto wenu akauliza habari za baba yake, wekeni kitabu pembeni, mjibuni yeye kwanza.

Sasa naomba maswali, na tuanze na vijana.