Msimamizi, Umesikiliza Kikao Kipi?

Asante, mwenyekiti. Hamjambo? Mlionisikia kwingine mnajua nitakachosema. Nitakisema tena, maana bado hakijafanyika: msimamizi asikilize vikao vya mwanafunzi kabla ya kuvitilia sahihi.

Nazungumzia daftari. Mwanafunzi wa ushauri nasaha akienda mazoezi ya nyanjani hupewa daftari la kujaza saa alizokaa na wateja, na msimamizi hutia sahihi. Sasa, kuna chuo kimoja hapa Nairobi, sikitaji, msinitazame hivyo, nilikoitwa kuwa mtahini wa nje. Nikaletewa daftari safi, halijakunjika hata pembe. Wino ni mmoja tangu Januari hadi Aprili. Sahihi za msimamizi zimeshuka ukurasa mzima, na kadiri zinavyoshuka ndivyo zinavyolala, mkono umechoka. Nikatupa jicho kwenye tarehe: vikao vitatu siku ya Ijumaa Kuu! Kampasi imefungwa, bawabu yuko peke yake langoni, na mshauri wetu anahudumia wateja watatu. Nilipomuuliza huyo mwanafunzi, alinijibu kwa heshima zote, "Daktari, kila mtu hujaza hivyo."

Simlaumu sana huyo kijana. Nilimgeukia msimamizi: umesikiliza kikao kipi? Akaniambia mwanafunzi ana alama nzuri, ana nidhamu, huvaa vizuri. Huvaa vizuri!

Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, huyu tunayemkaririsha wanafunzi kila muhula, alikuwa akirekodi vikao kwenye santuri kule Ohio, na mwaka wa 1942 akachapisha mfululizo mzima wa vikao vya mteja mmoja, neno kwa neno. Kwa santuri! Sisi tuna simu mifukoni na hatujasikia lolote.

Mtasema: tukirekodi, usiri je? Mteja huombwa ruhusa kwa maandishi. Akikataa, basi, msimamizi atafute njia nyingine, lakini kutia sahihi kitu asichokijua si njia. Mtasema pia wasimamizi ni wachache na malipo ni haba. Kweli, na hapo ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu mwanafunzi ametozwa ada ya mazoezi hayo. Mtu wa idara ya fedha anieleze inakwenda wapi.

Ukisikiliza, utasikia nini? Nawapa mfano wa igizo la darasani kwangu, si mteja halisi, msishtuke. Aliyecheza mteja akasema, "Tangu mama afariki, nikifika mlango wa darasa miguu inakataa." Hata hajafunga mdomo, mshauri akadakia: "Pole sana, lakini Mungu ana mipango yake. Sasa kaza kusoma umfurahishe mama." Mteja akasema, "Sawa." Ushauri nasaha uliishia kwenye hiyo "sawa". Muda uliobaki walipanga ratiba ya kusomea mitihani, na mshauri akaandika kwamba kikao kilifaulu. Huyo alikuwa na A katika mtihani wa nadharia. Aliandika kurasa mbili kuhusu huruma na usikivu, na ziliandikwa vizuri.

Kuna mzee atasema wahenga walishauriwa na shangazi, na hakuna aliyemkagua shangazi. Shangazi alikujua tangu utotoni, na alipokosea ukoo mzima ulimjia juu. Mshauri wa chuo anajifungia chumbani na mtu asiyemjua, na akiharibu hakuna wa kumwambia.

Sheria tunayo, ya 2014, na bodi ya kusajili washauri nasaha na wanasaikolojia ipo. Lakini bodi itaamini karatasi tunazoipelekea sisi. Hakuna anayepewa leseni ya kuendesha matatu kwa kuapa tu kwamba amewahi kushika usukani.

Haraka haraka, maana naonyeshwa saa. Visa vya wateja kwenye vikundi vya WhatsApp vya darasa, hata mkificha jina: acheni. Sheria ya kulinda data ni ya 2019, si ngeni. Mteja akitaja kujiua, mwanafunzi asibaki nalo peke yake hadi Jumatatu, ampigie msimamizi saa hiyo hiyo. Na asimtishe mteja na polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Wapo wahadhiri bado wanafundisha kwa noti za zamani.

Suala la mwanafunzi mwenyewe kuketi kwa mshauri kabla ya kuwashauri wengine, hilo litabaki. Maswali. Wa idara ya fedha kwanza, kama yupo. Mpeni kipaza sauti.