Kuchagua Baruti ya Kujazia Risasi za Bastola

Mabibi na mabwana,

Wanaoanza kujaza risasi za bastola kwa mkono, yaani kutia baruti katika ganda na kulifunga kwa kichwa cha risasi, huuliza kwanza ni baruti ipi inayoipa risasi kasi kubwa zaidi. Mimi ningependa waanze kwa kuuliza ni baruti ipi itakayowaonyesha kosa lao kabla ganda halijafungwa.

Baruti isiyo na moshi, ambayo Mfaransa Paul Vieille aliivumbua mwaka 1884, huungua kuanzia juu ya kila punje kwenda ndani, na kwa hiyo umbo na ukubwa wa punje, pamoja na kemikali zilizopakwa juu yake, ndivyo vinavyoamua itawaka upesi au polepole. Kwa kuwa mtutu wa bastola ni mfupi, mara nyingi sentimita 10 hadi 13 tu, risasi huwa imeshatoka kabla baruti ya polepole ya bunduki haijamaliza kuungua. Ndiyo sababu bastola hutumia baruti za upesi, ingawa nazo zinatofautiana sana.

Tuchukue 38 Special, aina ya risasi ya rivolva. Ganda lake lilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19, enzi ambayo baruti nyeusi, inayohitaji nafasi kubwa, ilikuwa bado ikitumika. Leo greni chache za baruti ya upesi zinatosha, na greni moja ni takriban miligramu 65, kwa hiyo hulala chini kabisa na sehemu kubwa ya ganda hubaki tupu. Mjazaji akiitwa kidogo, kisha akarudi na kumimina kipimo cha pili katika ganda lilelile, hakuna kitakachomwagika. Kikomo cha shinikizo la risasi ya kawaida ya aina hii, kwa viwango vya SAAMI, taasisi ya watengenezaji wa silaha na risasi ya Marekani, ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba. Kipimo maradufu hukivuka kwa mbali, na silinda ya rivolva inaweza kupasuka mkononi mwa mpigaji. Kwa hiyo napendelea baruti nyepesi, ambayo kipimo chake hujaza zaidi ya nusu ya ganda, ili kipimo cha pili kifurike na kumwagika mezani. Ni kweli kwamba punje pana na bapa hazishuki sawasawa katika kipimio kama zile za mviringo, lakini dosari hiyo hurekebishwa kwa mizani, na kila ganda humulikwa kwa taa kabla ya kuwekewa kichwa cha risasi.

Katika 9 mm Luger, aina nyingine ya risasi ya bastola, ganda ni dogo, na hatari ni nyingine: kichwa cha risasi kikizamishwa hata risasi nzima ikawa fupi kuliko urefu uliochapishwa, nafasi ya ndani hupungua na shinikizo hupanda ghafla.

Kwa 357 Magnum, risasi ya rivolva yenye nguvu zaidi, baruti za polepole miongoni mwa zile za bastola ndizo zinazotoa nguvu kamili, lakini vipimo vya baadhi yake watengenezaji wamekataza kupunguzwa chini ya kiwango walichokichapisha.

Orodha zinazopanga baruti kwa kasi ya kuungua huonyesha mpangilio tu. Baruti mbili zinazofuatana humo hazibadilishani vipimo, na rangi ya punje haitambulishi chochote. Anza na kipimo cha chini kilichochapishwa kwa baruti hiyohiyo na kichwa cha risasi hichohicho, na baruti iliyotoka katika kopo lisilo na lebo isijazwe katika ganda lolote.